MADIGADI YA TUKTUK KWA FAIBA: KAZI NZURI, LAKINI TUJIHADHARI



Kikundi cha vijana cha hapa Adu chenye tuktuk kimetuuliza swali. Madigadi ya mbele imepasuka kwa mashimo ya barabara, na kila wakinunua mpya faida ya wiki nzima inakwenda. Je, waweza kuitengeneza wenyewe kwa faiba, kama mafundi wa maboti wa Malindi? Jibu ni ndiyo. Lakini kuna chupa moja katika kazi hii inayoweza kumpofusha mtu, kwa hiyo someni mpaka mwisho.

Faiba ni nini?
Ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini. Nyuzi hutia nguvu, resini hushika umbo. Ni kama udongo na fito katika ukuta wa nyumba: kimoja bila kingine hakisimami. Ufundi huu si mgeni. Gari la Chevrolet Corvette lilitoka Marekani mwaka 1953 likiwa na bodi ya faiba. Trabant ya Ujerumani Mashariki, iliyoundwa kuanzia 1957 hadi 1991, ilikuwa na bodi ya resini na mabaki ya pamba.

Hatua za kazi
1. Tafuteni madigadi nzima ya kuigiza. Zibeni mikwaruzo, pigeni msasa, kisha pakeni nta mara nne au tano, kila mara mkiisugua ing'ae. Mkiruka nta, kazi itagandamana na haitatoka.

2. Tengenezeni kalibu kwanza. Pakeni resini juu ya ile madigadi, wekeni mati ya faiba, pakeni tena na mkandamize kwa brashi mpaka mapovu ya hewa yaishe. Tabaka tatu au nne zatosha. Acheni mpaka kesho yake, kisha bandueni. Upande wa ndani wa kalibu ndio laini. Kama umbo limejikunja, fanyeni kalibu ya vipande viwili, la sivyo halitabanduka.

3. Sasa pakeni nta ndani ya kalibu na mjenge madigadi mpya humo, tabaka mbili au tatu. Kalibu moja mkiitunza itatoa madigadi nyingi, na hapo ndipo penye faida ya kikundi.

4. Kateni kingo, pigeni msasa, pakeni rangi.

Vipimo
Kwa mati ya gramu 450 kwa mita mraba, kila mita moja ya tabaka moja hunywa resini kilo 1 hivi. Hadina, yaani dawa ya kugandisha, ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini. Kwa joto letu anzeni na 10. Pimeni kwa bomba la sindano, si kwa macho. Ati ukiongeza hadina kazi itaisha haraka? Hapana! Itachemka koponi, itoe moshi, na madigadi itapasuka. Changanyeni kidogo kidogo, asubuhi kabla jua halijakali.

Tahadhari
Hadina ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Vaeni miwani ya kazi na glavu. Ikiruka, osheni jicho papo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali bila kuchelewa. Wekeni ndoo ya maji karibu kabla ya kufungua chupa.

Msitie hadina katika chupa ya soda. Mtoto ataona kinywaji. Ifungieni, mbali na jua na moto.

Wakati mwingine resini huuzwa na dawa ya pili ya kuharakisha. Hiyo na hadina zisikutane peke yake kamwe, zitalipuka. Koroga kwanza ya kuharakisha ndani ya resini hadi ichanganyike, ndipo utie hadina.

Fanyeni kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Mvuke wa resini hushika moto, basi sigara na jiko vikae mbali. Kitambaa puani hakizuii mvuke wala vumbi la kioo. Nunueni maski ya vichujio inayofaa vyote viwili.

Na mwisho, faiba ni ya madigadi, boneti na vifuniko. Fremu, breki na usukani si vya kuigiza nyumbani. Hapo kuna roho za abiria.

Kabla ya kununua chochote, jadilini kikundini:
– Resini, mati, nta, glavu, miwani na maski jumla ni shilingi ngapi? Madigadi ngapi zitarudisha fedha hizo?
– Nani atashika ufunguo wa kabati ya hadina?
– Nani kati yenu atakwenda kujifunza kwa fundi siku chache kwanza?

Kikundi kikikosa jibu la swali la pili, kisianze. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.