Fahamu: Tanga la nuru na safari ya sayari za mbali
Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, kilitumia miaka 35 hata kuuvuka mpaka wa upepo wa Jua, na urefu wa muda huo, ambao ndani yake mtaalamu huanza kazi kijana akaimaliza mzee, ni miongoni mwa sababu zilizowaelekeza wanafalaki kwenye tanga lisilohitaji mafuta.

Nuru, ijapokuwa haina uzito, ina msukumo. Nayo iangukapo juu ya utando mwembamba ung'aao na kurudishwa, huusukuma kwa nguvu dhaifu mno lakini isiyokoma, hata mwendo ukazidi kidogo kidogo. Hii si dhana tupu: mwaka 2010 chombo cha Japani, IKAROS, kilikunjua tanga la mita 14 kwa 14 na kupita karibu na Zuhura.

Taabu ni umbali kutoka kwenye Jua. Penye Mshtarii nuru ni sehemu moja tu katika 27 ya ile tuipatayo duniani; kwa hiyo rai iliyotolewa, nami naistaajabia kwa ujasiri wake, ni kukielekeza chombo kwanza karibu na Jua, ndani ya njia ya Utaridi, kikachume mwendo penye nuru kali, kisha kielekee Zohali na kupita, kwa kasi inayotarajiwa kuishinda ya Voyager. Udogo wa chombo hapo ni sharti, maana kila gramu huzuia mwendo. Na tanga lenyewe lazima listahimili joto la karibu na Jua bila kusinyaa. Huko mwisho wa safari halina namna ya kusimama: chombo kitapiga picha kikipita, kisha kitokomee.