Picha ya Kijivu na Mchoro wa Rangi katika Vipeperushi vya Macho

Mhudumu wa afya anayejifunza kutambua trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope, hujifunza kwa kutazama. Hupindua ukope wa juu wa mtoto, huchunguza utando wa ndani, kisha hulinganisha anachokiona na picha. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilitangaza utaratibu mwepesi wa kutambua dalili tano za ugonjwa huo, na picha za rangi ndizo zinazoufundisha. Katika Mkoa wa Dodoma, nchi kame yenye vumbi na uhaba wa maji ya kunawia, trakoma imewasumbua watu kwa vizazi. Na Hospitali ya Mvumi, katika Wilaya ya Chamwino, imejulikana kwa muda mrefu kwa huduma zake za macho. Mahali kama hapo picha ya ukope si pambo la ukutani.

Shida huanza picha hiyo inapotolewa fotokopi. Moja ya dalili tano humtaka mhudumu aamue iwapo uvimbe umeificha zaidi ya nusu ya mishipa ya damu ambayo kwa kawaida huonekana ndani ya ukope. Katika nakala hafifu ya kijivu, ukope mzima na ukope uliovimba huweza kufanana kabisa. Aliyejifunza kwa nakala hiyo atamwambia mama kuwa mtoto wake hana kitu.

Kwa nini wekundu hupotea? Kompyuta inapogeuza rangi kuwa kijivu, kwa kawaida huipa nyekundu uzito wa takriban asilimia 30, kijani 59 na buluu 11. Hivyo nyekundu kali na kijani iliyokoza kiasi huangukia kijivu kilekile, na njano hukaribia weupe wa karatasi. Fikiria utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59: nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, njano ni kuanzia hapo hadi chini ya 12.5, na kijani ni 12.5 na kuendelea. Mchoro wake ukidurufiwa bila maneno wala tarakimu, mtoto aliye hatarini na mtoto mwenye afya huweza kupata alama moja. (Utepe wenyewe usidurufiwe kamwe, mashine huweza kubadili hata urefu wake.)

Picha ya jicho, hata hivyo, ina njia yake ya kuokolewa. Picha ya kidijitali huundwa kwa matabaka matatu: nyekundu, kijani na buluu. Himoglobini ya damu hufyonza sana mwanga wa kijani, kwa hiyo katika tabaka la kijani mishipa hutokea kama nyuzi nyeusi zilizo wazi, ilhali katika tabaka jekundu hufifia na kukaribia kutoweka. Wataalamu wa macho huitumia kanuni hiyohiyo wanapotazama mishipa ya retina kwa mwanga wa kijani. Basi anayetengeneza kipeperushi asibonyeze tu amri ya kuondoa rangi. Aichukue picha ya tabaka la kijani peke yake. Programu nyingi za kuhariri picha zinaruhusu jambo hilo, na kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine ndogo yenye faida kubwa kama hii.

Picha ikishakuwa ya kijivu, huwekwa kwenye ukurasa wenye mishale na michoro ya rangi. Hapo printa huweza kuleta udanganyifu mwingine. Badala ya kutumia wino mweusi pekee, huchanganya samawati, majenta, njano na nyeusi ili kupata kijivu. Mizani ya wino hizo ikiyumba kidogo, picha huwa na uwaridi au ukijani ambao haumo jichoni mwa mgonjwa, na msomaji aliyefundishwa kutafuta wekundu atauona mahali usipokuwapo. Kijivu cha namna hiyo huweza pia kubadilika kati ya taa ya ofisini na jua la nje.

Mwambie mchapaji kwamba picha ichapwe kwa wino mweusi tu, na rangi zibaki kwenye michoro. Kwa printa ndogo ya zahanati, ambayo mara nyingi huufanya ukurasa mzima uwe wa rangi au mzima uwe mweusi, pitisha karatasi mara mbili: kwanza michoro kwa rangi, kisha picha kwa mpangilio wa wino mweusi. Acha nafasi ya kutosha kati yake, kwa kuwa karatasi haiingii mahali palepale kila safari. Nakiri kwamba wino mmoja huweza kuleta chembechembe na kupunguza ulaini wa vivuli. Kwa kipeperushi cha mafunzo, ni afadhali chembechembe kuliko rangi ya uongo. Picha ya eksirei iliyochapwa kwenye karatasi nayo haitoshi kutambulia ugonjwa, hata ikichapwa vizuri namna gani. Kazi yake ni kuonyesha mfano.

Karatasi ya kawaida hunywa wino, na vivuli vya kati hukoza kuliko vilivyoonekana kwenye skrini. Ing'arishe picha kidogo kabla ya kuchapa. Mishale ya rangi iwe na mzingo mweusi au mweupe, na kila rangi yenye maana iandikwe jina lake kando, kwa sababu wapo pia wasomaji wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Chapa nakala moja kwanza. Itoe fotokopi, kisha itoe fotokopi ile fotokopi, maana ndivyo itakavyosafiri hadi vijijini. Ipeleke nje mchana, umpe mhudumu ambaye hakushiriki kuitengeneza, na umwombe akuonyeshe ukope wenye ugonjwa. Akisita, rudi kwenye kompyuta kabla hujaagiza nakala nyingine.