Asubuhi ya masomo na mtoto asiyetulia: kazi inakwamia wapi?

Mjini Likasi, nchini Kongo, iwe mtaa wa Kikula, Panda au Shituru, asubuhi ya siku ya masomo huanza mapema. Maji yachotwe, chai ichemke hata kama umeme wa shirika la SNEL umekatika, na mtoto afike shuleni na sare yake ya buluu na nyeupe kabla wenzake hawajaingia darasani. Nyumba nyingi huivuka saa hiyo kwa makelele kidogo tu. Ziko nyingine ambako kila siku huishia kwa machozi, tena kwa sababu ya mtoto yuleyule. Tuangalie hatua kwa hatua kinachotokea.

Kwanza, hali ambayo huenda iko nyuma ya asubuhi kama hizo. Upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri, ambao madaktari wa Kongo huuita TDAH kwa kufuata Kifaransa, ni hali ya ukuaji wa ubongo. Kwa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Kwa hiyo mtoto anayesumbua asubuhi tu, kisha akatulia darasani na kanisani, atafutiwe kwanza sababu nyingine: usingizi haba, njaa, tatizo la masikio, au jambo linalomtisha shuleni.

Pili, kinachopungua. Mtoto mwenye TDAH anajua kuvaa soksi; ukimuuliza, atakueleza vizuri. Kinacholegea ni uwezo wa kuanza kazi, kuifuata hadi mwisho na kujizuia. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walipima unene wa gamba la ubongo kwa watoto. Kwa watoto wasio na hali hii lilifikia kilele karibu na umri wa miaka 7.5, na kwa wenye TDAH karibu na miaka 10.5. Mpangilio wa ukuaji ulifanana, ila ulichelewa.

Tatu, kumbukumbu tendaji, yaani uwezo wa kushika maneno akilini wakati wa kuyatumia. Mama anasema akiwa jikoni: "Vaa viatu, weka daftari ya hesabu mfukoni, kunywa chai, kisha umwite dada yako." Mtoto anainama chini ya kitanda kutafuta kiatu, anakuta kizibo cha chupa alichokipoteza jana, anaanza kukizungusha sakafuni. Amri tatu zilizobaki zimekwisha kumtoka. Mama anarudi, anaona ukaidi.

Nne, makelele na fimbo. Sauti ikipanda, mtoto hushtuka na kweli huinuka. Ndiyo maana mzazi huamini kwamba dawa imepatikana. Lakini polepole mtoto huzoea kuanza pale tu sauti inapopanda, na kila wiki sauti hulazimika kupanda zaidi. Adhabu iliyoahidiwa ya jioni nayo iko mbali mno kumsukuma saa ya asubuhi.

Tano, dawa. Methylphenidate, dawa ya TDAH ambayo daktari pekee ndiye wa kuiandika, katika aina yake ya muda mfupi hudumu saa chache tu, na mtoto anapoamka bado hajaimeza. Hata anayetibiwa anahitaji asubuhi iliyopangwa.

Baada ya hayo tunaweza kuhukumu. Tatizo halipo katika kujua, bali katika kutenda kwa wakati wake. Hivyo msaada uwekwe palepale kitendo kinapofanyika. Sare, daftari na viatu vikusanywe mlangoni jioni, ili asubuhi ibaki na maamuzi machache. Amri itolewe moja moja, kwa karibu, mkono begani, na inayofuata isubiri ya kwanza iishe. Michoro minne ukutani, kuanzia kunawa hadi kubeba mfuko, itamkumbusha bila kuchoka. Sifa itolewe papo hapo.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kumdekeza. Jibu ni kwamba wajibu haujaondolewa: bado atavaa mwenyewe na kufika kwa wakati. Kinachobadilika ni kiasi cha usimamizi. Mtoto wa miaka 10 mwenye hali hii asimamiwe asubuhi kama ambavyo tungemsimamia wa miaka 7, na usimamizi huo upunguzwe kadiri anavyoimudu kila hatua peke yake.