Hesabu ya DC na majibu yake mawili

Njia ya umeme kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na husafirisha mkondo mnyoofu, yaani DC, kwa kilovolti 500. Ina vituo viwili tu, hivyo hesabu yake ni fupi. Kazi huanza vituo vinapoongezeka, kama katika gridi ya Zhangbei nchini China, iliyowashwa mwaka 2020 ikiwa na vituo vinne. Hapo ni lazima kukokotoa volti ya kila kituo na mkondo wa kila njia.

Wengi huiona hesabu ya DC kuwa nyepesi, kwa kuwa haina masafa: kuna volti na ukinzani wa nyaya tu. Ugumu uko kwenye mzigo. Vifaa vingi vya kisasa hudai wati zilezile hata volti ikishuka, basi huvuta mkondo zaidi, na mkondo huo huishusha volti tena.

Chukua chanzo cha volti 100, waya wenye ukinzani wa omu 1 kwenda na kurudi, na mzigo wa wati 900. Kisia kwamba mzigo unapata volti 100. Mkondo utakuwa ampea 9, waya utakula volti 9, zitabaki 91. Rudia kwa 91, upate 90.11. Rudia tena, upate 90.01. Jibu ni 90. Mbinu ya Gauss-Seidel hufuata mwendo huohuo wa kukisia na kusahihisha, nodi (makutano ya nyaya) baada ya nodi. Mbinu ya Newton-Raphson hutumia pia mteremko wa mlinganyo wa nguvu (volti ya mzigo mara mkondo ni wati 900), ikatoka 100 hadi 91, kisha 90.01 papo hapo. Kwa gridi yenye mamia ya nodi, mimi ningechagua hiyo.

Lakini volti 10 nayo inatimiza mlinganyo uleule: ampea 90 kwa volti 10 ni wati 900, huku waya ukipoteza wati 8,100! Ukianza Newton-Raphson chini ya volti 50 utaishia huko, na programu haitakuonya. Tena waya huu hauwezi kufikisha zaidi ya wati 2,500. Ukidai 2,600, hakuna jibu lolote. Kompyuta ikigoma, kagua gridi yenyewe kabla ya kuilaumu programu.

Kwenye gridi, upotevu haujulikani mpaka hesabu iishe, kwa hiyo kituo kimoja huachiwa kushikilia volti na kufidia pengo. Kikizimika, gridi nzima huyumba. Ni salama zaidi vituo kadhaa kugawana kazi hiyo, kila kimoja kikirekebisha nguvu yake kadiri volti inavyopanda au kushuka, na kanuni hiyo iingizwe kwenye milinganyo.

Mafundi wa gridi ndogo za sola vijijini, fanyeni hesabu hii kabla ya kununua waya. Anzeni na volti ya chanzo, na mtumie mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa, si wa wastani.