Matuta gizani, tembo njiani: ndondo za Tunduru zianze mapema

TUNDURU. Mpigaji wa tuta la mwisho aliweka mpira chini, akarudi nyuma hatua tano, akapotea. Sio kwamba alikimbia. Giza lilikuwa limeshaingia, na sisi tuliosimama nyuma ya goli tulisikia tu mguu ukigonga mpira, kisha kelele zikalipuka upande wa pili. Hapo ndipo tukajua wageni wametinga fainali.

Ilikuwa nusu fainali ya kombe la mbuzi, katika kijiji kimoja wilayani hapa. Ratiba ilisema mechi inaanza saa 10:00 jioni. Ikaanza saa 10:50, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani na watu wanasema mpira bila mgeni rasmi ni mazoezi. Dakika 90 zikaisha kwa sare ya 1-1, yakaja matuta. Bodaboda watatu wakawasha taa kuwamulikia makipa.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyeliona kuwa ni tatizo, mimi mwenyewe nikiwemo. Mashabiki wa timu iliyoshinda, wakubwa kwa watoto, wakaondoka kwa miguu kurudi kijijini kwao. Ni mwendo wa saa nzima, njia nyembamba, mikorosho kushoto na kulia. Nami nikaunga msafara nikiwa na simu mkononi, narekodi shangwe. Tochi hatukuwa nazo za kutosha, ila vuvuzela zilikuwepo.

Asubuhi nilirudi kwa njia ileile. Katikati yake kulikuwa na nyayo za tembo, kila moja pana kama sinia la pilau, na kinyesi ambacho hakijakauka. Tulipita kabla yao au wao walipita kabla yetu, sijui. Nilichojua ni kwamba tulikuwa tumetumia njia moja usiku mmoja.

SIMBA WASIOVAA JEZI

Tunduru sio mahali pa kufanyia mzaha jambo hili. Wilaya iko katika ushoroba wa Selous-Niassa, ambao wanyama wanautumia kupita kati ya hifadhi za kaskazini na Hifadhi ya Niassa iliyoko Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Tembo hapa hajapotea njia. Yuko kwenye njia yake, ila sisi tumeweka mashamba, barabara na viwanja vya mpira juu yake.

Wazee wa mkoa huu wanaikumbuka miaka ya 1980 kwa mambo mawili. La kwanza ni Majimaji ya Songea, iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985 na 1986 na kuufanya mkoa mzima utembee kifua mbele. La pili ni simba. Katikati ya miaka hiyohiyo, simba waliua makumi ya watu Tunduru. Ukivaa jezi nyekundu ya Msimbazi ukamtania mzee wa hapa kwamba Simba anakuja, atacheka, lakini sio cheko la moyoni.

Na sio Tunduru peke yake. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, akiwemo mtafiti Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha hesabu inayotisha: kuanzia mwaka 1990 hadi 2004, simba waliua watu wasiopungua 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 300. Mikoa ya kusini ndiyo iliyoumia zaidi. Mashambulizi yalipanda msimu wa mavuno, wakulima wanapolala shambani kwenye madungu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Nguruwe anafuata mahindi, simba anafuata nguruwe, na katikati yao amelala binadamu kwenye kibanda cha nyasi.

Mwaka 2011 watafiti hao wakatoa jambo lingine ambalo kila kamati ya mashindano ya kijiji ingepaswa kulibandika ukutani. Walilinganisha mashambulizi na kalenda ya mwezi. Wakakuta hatari kubwa haipo usiku wa mwezi mpevu, bali katika siku zinazofuata, na hasa katika saa za mwanzo za giza, kuanzia jua linapozama hadi karibu saa 4 usiku. Sababu inaeleweka. Kwenye mbalamwezi simba hawindi vizuri, kwa hiyo anabaki na njaa. Baada ya mpevu, mwezi unachelewa kuchomoza kila siku, na hapo anapata jioni yenye giza la kutosha.

Sasa litazame hilo kwa macho ya shabiki wa ndondo. Jumatano alirudi nyumbani usiku kwenye mwanga mweupe, akaona mambo shwari. Jumapili anarudi saa ileile, njia ileile, akijiambia kwamba juzi alipita salama. Juzi kulikuwa na mwezi. Leo hakuna.

MBIO ZA MITA 100

Siku hizi kilio kikubwa Tunduru ni tembo kuliko simba. Wanaingia mashambani, wanakula, wanakanyaga, na wakati mwingine wanaua. Kuna vijana wanaamini tembo ni mzito, kwa hiyo akikufukuza utamwacha. Wataalamu waliopima mbio za tembo walipata kasi ya takriban kilomita 25 kwa saa. Hiyo ni mita 100 kwa sekunde 14 na kitu. Winga wetu mwenye njumu, kwenye uwanja tambarare na mchana kweupe, pengine atamshinda. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni, amevaa kandambili, njia ina visiki na hakuna taa, hana mbio hizo.

Pamoja na hayo, tabia zetu ni zilezile. Katika barabara ya lami ya Namtumbo kwenda Tunduru, tembo wakivuka utaona watu wanashuka kwenye magari wawapige picha kwa karibu. Wengine wanapiga honi, wengine wanarusha mawe waone masikio yakitanuka. Kijana anayefanya hivyo anaondoka na video yake. Tembo anabaki na hasira, na atakayekutana naye jioni ni mtu mwingine kabisa, pengine anatoka kutazama mpira.

Likitokea la kutokea, tusidanganyane kuhusu fidia. Sheria inazungumzia kifuta machozi, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka Sh milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari. Ilikuwa fedha ya kununua pikipiki iliyochoka. Isingemsomesha mtoto mpaka amalize shule.

TUPIGE HESABU

Tukisema watu wawe makini tu, tumesema maneno matupu. Tuje kwenye saa. Mwezi wa sita na wa saba, wakati ndondo zimepamba moto, jua la Tunduru linazama kama saa 12 na robo. Mechi ikianza saa 10:50, kwa dakika 90 na mapumziko ya robo saa inaisha saa 12:35, kabla ya nyongeza. Weka matuta, unakaribia saa 1:00. Weka mwendo wa saa moja, mtoto anafika nyumbani karibu saa 2:00 usiku. Njia nzima ameitembea ndani ya zile saa mbaya.

Anza mechi ileile saa 9:00 alasiri. Inaisha saa 10:45. Hata ikienda matuta, saa 11:15 kila kitu kimekwisha. Shabiki wa mbali anafika kwake saa 12:15, jua ndio linazama.

Nilipolizungumza hili na viongozi wa timu, nilipewa sababu mbili. Ya kwanza ni jua kali. Ni kweli, lakini huu ndio msimu wenye ubaridi kuliko yote kwa mwaka, na ligi kubwa zinacheza mapema kwenye jua kuliko hili. Ya pili ni swala ya Alasiri, maana wachezaji na mashabiki wengi hapa ni Waislamu. Hii ni sababu ya heshima, na jibu lake lipo kwenye saa hiyohiyo. Miezi hii Alasiri inaingia dakika chache kabla ya saa 10:00. Mechi ya saa 9:00 inakwenda mapumziko saa 9:45. Ongezeni mapumziko yawe dakika 25 au 30, watu waswali, kipindi cha pili kiendelee. Bado utamaliza saa 11:00, na matuta yatapigwa mchana.

Mgeni rasmi akichelewa, akute kipindi cha pili. Mbuzi atakabidhi mwishoni, hakuna anayemnyang'anya.

Refa naye ana kazi yake. Sheria za soka zinampa mamlaka ya kusimamisha mchezo pale mazingira ya nje yanapouingilia, na giza ni mojawapo. Kusogeza matuta hadi kesho yake asubuhi kutawaudhi watu, lakini watafika nyumbani.

Na kama lazima kutembea usiku, tembeeni kundi moja, tochi mbele na nyuma, watoto katikati, simu mfukoni. Mkisikia matawi yanavunjika, rudini mlikotoka. Msiende kumulika mjue ni nini.

Fainali imepangwa Jumapili. Kwenye tangazo lililobandikwa ukutani dukani, saa imeandikwa 10:00 jioni. Kabla sijaondoka nilimwomba katibu wa kamati aibadilishe iwe 9:00. Akasema atalifikisha kwenye kikao. Nilimwachia kalamu yangu.