Propela Ichaguliwe kwa Mzigo wa Kurudi

Mvuvi akinunua mashine ya boti huuliza mambo mawili: ina nguvu ya farasi wangapi, na inakula mafuta kiasi gani. Jibu la swali la pili, kwa sehemu kubwa, limegongwa kwenye kitovu cha propela au kwenye panga lake mojawapo, na ni wachache wanaoinama kulisoma. Ni namba mbili zenye alama ya kuzidisha katikati, kwa mfano 9¼ x 10. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana kwa inchi wa duara linalopigwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu kisichoteleza. Kwenye Yamaha, ambazo ndizo zimejaa madikoni kwetu, hufuata herufi kama J au G, inayotaja kundi la mashine ambalo propela hiyo inaingia.

Kipenyo cha propela ya mashine ndogo hakiachi nafasi kubwa ya kuchagua, kwa sababu kinabanwa na bapa lililo juu yake. Kinachobaki mikononi mwa mnunuzi ni pichi, na hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Kiwanda hakijui mashine itafungwa wapi. Inaweza kwenda kwenye boti nyepesi ya kupeleka wageni kisiwani Chumbe, au kwenye mashua ya mbao ya mita 7 yenye jarife lililolowa, madumu ya mafuta, barafu na watu sita. Kwa hiyo ndani ya boksi huwekwa propela ya katikati. Mwenye mashua huifunga kama ilivyokuja, na ikivunjika hununua nyingine ya namba zilezile.

Tuifanyie hesabu mashua hiyo. Chombo kizito ambacho hakiwezi kuinuka na kuteleza juu ya maji kina ukomo wa mwendo unaotokana na urefu wake majini. Kwa mita 7, ukomo huo ni kama kilomita 12 kwa saa. Ukilazimisha kupita hapo unapata wimbi kubwa nyuma na tezi inayozama, basi. Sasa ifunge mashine ya nguvu 15 ambayo gia yake hugawa mizunguko kwa 2.08. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, propela huzunguka mara 2,400 hivi. Kwa pichi ya inchi 10, propela ingepaswa kusonga mbele mita 610 kila dakika, sawa na kilomita 36 na ushei kwa saa. Chombo kinakwenda 12. Theluthi mbili za safari ya propela zimeishia kwenye kuteleza.

Kuteleza kwenyewe si kosa. Propela husukuma chombo kwa kurusha maji nyuma, na kama hakuna kuteleza hata kidogo hakuna msukumo. Tatizo ni kwamba hesabu niliyotoa imeipendelea mashine, maana ikiwa na mzigo ule na pichi ile haitafika 5,000 hata ukifungua mafuta mpaka mwisho. Itakwama 3,800 au 4,000 na kubaki inanguruma kwa sauti nzito, kama pikipiki yenye magunia matatu inayopandishwa mlima kwa gia ya nne.

Hali hiyo ndiyo inayoua mashine nyingi za tu-stroku, na mara nyingi lawama huangukia oili. Mafuta yamefunguliwa yote, kila mpigo unapokea mchanganyiko tele, lakini pistoni inakwenda polepole. Joto linakaa juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na masizi yanaganda kwenye ringi na kwenye njia ya moshi. Fundi akifungua anakuta pistoni imekwaruzika au imetoboka. Anabadilisha pistoni, anarudisha propela ileile, na msimu ujao wanaonana tena.

Kosa la upande wa pili ni pichi kuwa ndogo mno: injini inazunguka kupita kiwango chake, na beringi na mkono wa pistoni ndio hulipia. Katika vyombo vya uvuvi vilivyopakia sioni sababu ya kuliogopa sana, kwa kuwa dawa yake iko mkononi mwa nahodha. Akisikia injini imepaa, apunguze mafuta. Injini iliyolemewa haina dawa nyepesi kama hiyo, hasa chombo kikiwa katikati ya bahari na upepo wa kusi unakuja usoni.

Kanuni inayotawala yote haya ni fupi. Ukifungua mafuta mpaka mwisho, chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, injini inapaswa kufika ndani ya mizunguko iliyotajwa na mtengenezaji. Kwa mashine nyingi za tu-stroku za nguvu 15 hadi 40 kiwango hicho ni kati ya 4,500 na 5,500. Kwa foo-stroku ndogo mara nyingi ni 5,000 hadi 6,000. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Ikishindwa kufika, shusha pichi. Ikipitiliza, pandisha. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kati ya 150 na 200. Kama una pichi ya 11, mashine inaishia 4,400 na unataka ifike 5,000, pengo lako ni 600: gawa kwa 200, upate inchi 3. Tafuta pichi ya 8.

Mzigo wa kawaida ni upi? Hapa mafundi wenyewe hawakubaliani. Wengine hupima chombo kikiwa na watu wawili, alfajiri, bahari ikiwa shwari, na matokeo yake hupendeza sana. Mimi nashikilia kwamba mvuvi apime kwa mzigo wa kurudi: samaki, barafu, nyavu zenye maji na watu wote. Safari ya kurudi ndiyo ndefu zaidi kwa saa, ndiyo inayopambana na mkondo wakati mtu amechoka, na ndiyo inayoamua kama dumu la akiba litafunguliwa. Wakati wa kwenda, chombo kikiwa chepesi, nahodha hatafungua mafuta yote na hakuna kitakachoharibika.

Wengi huhofia kwamba pichi ndogo itawapunguzia mwendo. Kwa boti nyepesi ya fiberi inayoinuka juu ya maji, hofu hiyo ina msingi. Kwa chombo kizito ni kinyume, na jambo hili lina umri karibu sawa na propela yenyewe. Mwaka 1837 Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu mashua yake kwenye mfereji wa Paddington, London, ikisukumwa na parafujo ya mbao yenye mizunguko miwili kamili. Ikagonga kitu, nusu ya parafujo ikakatika, na mashua ikaongeza mwendo pale pale. Alichokidhania ni nguvu kilikuwa kizuizi.

Kupima mizunguko si kazi ya fundi peke yake. Kuna mita ndogo za mizunguko ambazo waya wake huzungushiwa juu ya waya wa plagi, bila kufungua chochote ndani ya injini, na bei yake huwa chini ya propela moja. Hakikisha tu imepangwa kulingana na aina ya injini yako, la sivyo itasoma mara mbili au nusu. Pima ukienda na ukirudi kwenye mstari uleule ili upepo na mkondo visikudanganye. Asiye na mita atumie sikio: fungua mafuta hadi robo tatu, sikiliza, kisha fungua yote. Kama sauti haipandi na mwendo hauongezeki, robo ya mwisho ya mafuta unaichoma bure, na pichi yako ni kubwa.

Walio kwenye maziwa wana jambo la ziada. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 773, Kivu karibu 1,460. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Mashine ya nguvu 40 iliyokuwa ikifika mizunguko yake vizuri Tanga, ikihamishiwa Kirumba, Mwanza, inakuwa mashine ya nguvu 35 na kitu. Mwenyewe atasema imechoka kwa safari ya lori. Ashushe pichi inchi moja, pengine mbili, kabla ya kumwita fundi.

Ipo desturi ya kukata ncha za mapanga kwa msumeno ili injini ipate kuzunguka. Inafanya kazi kwa namna fulani, maana kipenyo kikipungua mzigo hupungua. Lakini kinachotupwa ni sehemu ya panga inayosukuma vizuri kuliko zote, na kipande kimoja kikizidi kingine kwa milimita chache, mtikisiko unaanza kula beringi na sili ya shafti. Kwa chombo kizito unataka kipenyo kikubwa kadiri mashine inavyoruhusu, pamoja na pichi ndogo. Msumeno unafanya kinyume kabisa.

Idadi ya mapanga isikuumize kichwa: matatu yanatosha karibu kila mahali. Manne hushika maji vizuri zaidi kwenye mawimbi na hutikisa kidogo, ila huipa injini mzigo zaidi, kwa hiyo pichi ishuke kama inchi moja. Kuhusu madini, propela ya chuma kisichoshika kutu hudumu na ina mapanga membamba yanayokata maji vizuri, lakini kwenye pwani yenye miamba na mafungu mimi nasema alumini. Ikigonga mwamba hujikunja yenyewe na mara nyingi huziokoa gia. Propela ngumu hupeleka kishindo ndani, na bei ya gia haifanani na bei ya propela.

Kabla ya kulaumu pichi, angalia kimo cha mashine. Bapa la juu ya propela linapaswa kuwa sawa na sehemu ya chini ya chombo, au sentimita mbili tatu chini yake. Mashine za shafti fupi zimetengenezwa kwa ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 15, za shafti ndefu inchi 20. Shafti fupi kwenye ubao mrefu huivuta hewa ya juu mpaka kwenye mapanga, injini ikapiga kelele na chombo kikasimama. Kwenye mashua za mbao kuna mkosaji mwingine, mkuku. Ukiishia ghafla kama gogo mbele ya propela huleta maji yaliyovurugika, na hakuna pichi itakayotibu hilo. Fundi seremala auchonge wembambike taratibu kuelekea tezi.

Injini kupiga kelele bila chombo kwenda huweza pia kutokana na mpira ulio ndani ya kitovu cha propela. Ukilegea, injini hupaa kila ukiongeza mafuta lakini chombo hakiitikii. Chora mstari kwa msumari kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, nenda safari moja, kisha utazame. Mstari ukiwa umekatika na pande zake zimeachana, mpira umekwisha.

Siku ya kufunga propela mpya, usiigonge kwa nyundo. Ikikataa kuingia, meno ya ndani si ya shafti yako. Paka grisi isiyotoka kwa maji kwenye meno ya shafti, rudisha washa nene inayokaa mbele ya propela, kaza nati na ukunje pini mpya. Na kila ukiivua, tazama nyuma yake. Uzi wa nailoni ukijiviringisha pale hukata sili, maji huingia kwenye oili ya gia, na ukiifungulia oili hiyo inatoka nyeupe.

Hesabu zote hizi zinakufikisha karibu na propela sahihi. Linalokufikisha kabisa ni jaribio kwenye chombo chako, na hakuna mvuvi wa mashine moja anayeweza kununua propela tatu ili achague moja. Diko lenye mashine ishirini za aina moja linaweza. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), mkikaa kupanga matumizi ya michango, wekeni humo mita moja ya mizunguko na propela mbili za majaribio, moja yenye pichi ndogo kwa inchi mbili kuliko iliyozoeleka na nyingine kwa inchi tatu. Ziazimwe kwa zamu, na namba za kila chombo ziandikwe daftarini.