Kurudi Muleba na pasipoti ya kigeni

Mtu wa Muleba aliyezeekea Toronto huulizwa na ndugu zake kila wakipiga simu: utarudi lini? Swali linalotangulia hilo huwa halimfikii: atarudi akiwa raia wa nchi gani?

Sheria ya Uraia ya 1995 haibembelezi. Mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania umekwisha, na kibanja, yaani shamba la nyumbani, nacho kimeingia mashakani. Vibanja vingi vya Muleba na Bukoba Vijijini vipo kwenye ardhi ya kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 humilikisha kimila raia peke yao. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo humruhusu asiye raia kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji. Kulima migomba na kupunga upepo wa ziwa si uwekezaji. Hivyo mzaliwa wa Kamachumu, ambaye baba na babu yake wamezikwa humohumo kibanjani, anaweza kuhesabiwa mgeni hapo.

Mmarekani anayestaafia Mexico ana nafuu. Ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na 100 kutoka mpakani hawezi kumiliki nyumba moja kwa moja, lakini benki humshikia kwa dhamana ya miaka 50, nayo huongezwa.

Tanzania imelegeza kidogo. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili wenye asili ya Tanzania wapewe Hadhi Maalumu, ikiwamo fursa ya kupata ardhi kwa masharti. Ni hatua njema, ila si uraia: kura hawapigi. Anayeitaka aishughulikie kabla hajauza nyumba ya Toronto.

Kwa binti upo mzigo wa ziada. Mila za Wahaya, wenyeji wa Muleba, zilizoandikwa serikalini 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia shamba la ukoo, si kuliuza. Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyopitia Mahakama ya Wilaya ya Muleba, ndiyo iliyovunja ukuta huo: mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Hukumu ipo, baraza la ukoo nalo lipo, na wazee wake hawasomi hukumu kila siku.

Kuhusu fedha, hesabu ni rahisi upande mmoja tu. Pensheni ya uzee ya Kanada humfuata mtu popote endapo aliishi huko angalau miaka 20 baada ya kutimiza 18. Bima ya afya ya Ontario, jimbo lenye Toronto, haimfuati: humtaka awe jimboni humo siku 153 katika kila miezi 12. Akihamia Muleba moja kwa moja, matibabu ya hospitali za Rubya au Ndolage, na ya hospitali ya rufaa ya Bugando kule Mwanza, atayalipia mwenyewe au kwa bima nyingine, ambayo huwa ghali zaidi kadiri umri unavyosogea.